Mkaa wa Vifuu na Samaki Tisa wa Bi Mwanamkuu

Bakili alikuwa fundi bomba wa karakana ya reli pale Gerezani, na miaka kumi ya kazi ilikuwa imemfundisha jambo moja kuhusu maji: ni mavivu na ni majanja. Yakiona mwanya yatapita hapo hapo, na kazi uliyoyatuma hayataifanya. Jambo hili alipenda kumweleza mtu yeyote aliyekaa naye barazani zaidi ya dakika tano, ndiyo maana wengi walikuwa wakiaga kwenye dakika ya nne.

Alikuja Dar es Salaam mwaka 1968 kutoka Tunduru, kumsalimia mjomba wake kwa mwezi mmoja. Mjomba akahama, mwezi ukawa miaka, na Bakili akabaki Kariakoo katika nyumba ya Bi Mwanamkuu, chumba cha pili kushoto ukiingia. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, ukumbi umepita katikati kutoka mlango wa mbele mpaka uani. Mlango wa mbele haukufungwa mchana hata siku moja, kwa sababu Bi Mwanamkuu, mtu wa pwani tangu enzi za bibi zake, alihesabu mlango uliofungwa mchana kuwa ni kuwatukana majirani. Bakili alikuwa na miaka thelathini na tisa, hana mke, na mtaa mzima ulikuwa na maoni kuhusu hilo isipokuwa yeye mwenyewe.

Katikati ya ukumbi, juu ya meza nzito ya mninga, lilikaa tangi la kioo lenye fremu ya chuma, na ndani yake samaki wekundu tisa. Lilikuwa mali ya Shaibu, mtoto wa pekee wa Bi Mwanamkuu. Zamani Shaibu alifanya kazi kwenye duka la redio, na tajiri wake alipofunga duka na kuhamia ng'ambo alimwachia tangi na samaki wake. Shaibu alilileta kwa mkokoteni, maji yakimwagika njia nzima, ameling'ang'ania ubavuni kama anasindikiza bibi harusi. Baadaye akaingia jeshini. Mwishoni mwa mwaka 1978, vita vilipoanza Kagera, kikosi chake kikapelekwa huko. Siku ya kuondoka alimvuta Bakili mpaka mbele ya tangi, akamwambia, "Kaka, wewe ndiye fundi wa maji." Bakili akaapa kwamba hatapungua hata mmoja. Ni ahadi ya kijinga kumpa mtu anayekwenda vitani, lakini sijui mtu wa namna hiyo unampa ahadi ipi yenye akili.

Barua ya mwisho ya Shaibu ilifika mwezi wa Januari. Sasa ilikuwa Aprili.

Katika miezi hiyo Bi Mwanamkuu alikuwa amezua hesabu yake mwenyewe. Hakuitangaza mtaani, ila kila aliyeishi ndani ya nyumba ile aliijua. Asubuhi, baada ya sala, alisimama mbele ya kioo akawahesabu samaki kwa kidole. Wakitimia tisa, basi Shaibu yu hai, na yeye huyo uani kuwasha moto wa chai. Siku moja mmoja alijibanza nyuma ya jiwe, wakaonekana wanane, na bibi wa watu aliushika ukingo wa meza mpaka yule wa tisa alipoamua kutoka. Bakili alikuwa akinywa maji mlangoni kwake, akaona yote. Yeye alijiona mtu wa kisasa. Samaki ni samaki, vita ni vita, hayo mengine ni mambo ya kale. Lakini hakulisema neno hilo, na jioni ile ile aliliondoa lile jiwe tangini.

Ubaya wa samaki wa kufungiwa ni kwamba wanaishi ndani ya choo chao. Maji yanageuka rangi ya chai, yanaanza kunuka, mwisho yanawaua. Na kubadilisha maji yote kila mara hakukuwezekana, maana bomba la mtaa lilitoa maji siku lilipojisikia. Basi Bakili alitengeneza chombo. Alitafuta chupa kubwa ya kioo, ile ya galoni, akaizungushia karibu na kitako uzi uliolowa mafuta ya taa, akauwasha, kisha akaitumbukiza chupa kwenye maji baridi. Kitako kikaachia chenyewe. Akaigeuza mdomo chini. Mdomoni alifunga mpira ulioshuka kutoka kwenye debe alilolitundika juu ukutani, na juu, pale palipokuwa kitako, aliziba kwa kipande cha mpira mnene wa karakana chenye kibomba cha kutolea maji. Ndani alitia mkaa wa vifuu vya nazi, uliotwangwa na kuchekechwa mpaka ukawa punje kama za mtama, chandarua chini na chandarua juu ili usitoroke.

Asubuhi na jioni aliteka maji ya tangi akajaza debe. Maji yalishuka kwa mpira, yakaingia chupani kwa chini, yakapanda katikati ya punje, yakatokea juu na kurudi tangini yakiwa meupe, hayana harufu. Ustadi wote ulikuwa kwenye koki ndogo aliyoifunga kwenye mpira. Ukiifungua sana, punje zinasagana na kutoa vumbi jeusi. Ukiibana mno, maji yanajichagulia kinjia kimoja na mkaa uliobaki unakaa bure. Bakili alitaka punje zicheze kidogo tu, kama uji unapokaribia kuchemka. Na mkaa nao hushiba. Ukishashiba hauchukui tena kitu, na kwa macho huwezi kujua, kwani mweusi ni mweusi. Ndiyo maana kila baada ya wiki nne aliumwaga akatia mwingine. Wiki hii ninayoisimulia ilikuwa ya tano, na Bakili alikuwa amepanga kuubadilisha Jumamosi.

Masika ya mwaka huo yalijaza bonde la Jangwani, vyoo vya shimo vikafurika, na hofu ya kipindupindu ikaingia mitaani. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Zahoro, akagawa chupa za dawa ya maji, ile yenye harufu ya hospitali. Amri ilikuwa kijiko kimoja cha chai kwa kila debe la maji yaliyowekwa ndani, yawe ya kunywa, yawe ya kuoga. Watu wakanung'unika kwamba chai hainyweki, na wengine wakaanza kuficha mitungi chini ya vitanda. Mzee Zahoro alikuwa kondakta wa basi miaka kumi na saba kabla ya kupata ubalozi, na kazi ile ilimwacha hamwamini binadamu yeyote. Akapitisha kwamba hakuna atakayetia dawa nyumbani kwake mwenyewe. Kila nyumba itatiwa na jirani, kila Alhamisi. Bakili alipangiwa nyumba ya fundi cherehani, akaimaliza alfajiri kabla ya kwenda kazini. Nyumba ya Bi Mwanamkuu alipangiwa Evarista.

Evarista aliishi nyumba inayotazamana na ile, yeye na mumewe Kasmir, dereva wa lori, wenyeji wa Mbinga. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi nguo za watu kwa pasi ya mkaa. Alikuwa mwanamke mnyofu kupita kiasi, wa kukimbia mtaa mzima kukurudishia kifungo kilichodondoka kwenye shati lako. Ukimpa Evarista kazi, unaweza kwenda kulala. Alhamisi hiyo ya kwanza, saa nane mchana, alipiga hodi kwa Bi Mwanamkuu, hakujibiwa, akakuta mlango wazi kama kawaida, akaingia na kijiko chake.

Saa kumi na nusu Bakili alirudi kutoka Gerezani. Harufu ya hospitali ndiyo iliyompokea. Aliharakisha hatua, akafika mezani, akawaona samaki wote wamepanda juu ya maji, midomo wazi, mashavu yanachezacheza kwa shida. Yule mkubwa kuliko wote, aliyeitwa Bwana Mkubwa, alikuwa amelala ubavu kwenye pembe. Bi Mwanamkuu alikuwa ameondoka asubuhi kwenda Magomeni, amevaa buibui lake jipya, hakusema anafuata nini, ila alisema atarudi magharibi.

Alivuka barabara mbio. Evarista alikuwa anapiga pasi gwanda la mtu.

"Dada Evarista," Bakili alisema, "umetia dawa kwenye lile tangi la kioo?"

"Nimetia, kaka Bakili. Nimelikadiria, ni madebe manne, nikatia vijiko vinne. Nikaongeza na cha tano kwa sababu mna samaki."

Alilisema kwa fahari kidogo, kama mtu anayesubiri kushukuriwa. Kwa masista waliomlea huko Mbinga kulikuwa na tangi la maji ya mvua lenye samaki, walioachiwa humo makusudi ili wawale viluwiluwi wa mbu, na maji yale ndiyo waliyokunywa watu wote. Kwa hiyo alipoona maji mengi na samaki ndani alijua moja kwa moja kwamba haya ndiyo maji ya kunywa ya nyumba. Alishangaa tu kuona yamewekwa kwenye kioo, akadhani watu wa pwani wanapenda mapambo hata kwenye maji.

Bakili hakuwa na nafasi ya kukasirika. Alimweleza kwa maneno machache kwamba dawa ile inawachoma samaki mashavu, kwamba samaki ni wa Shaibu, na kwamba mama yake anawahesabu kila asubuhi, na anawahesabia nini. Evarista aliisimamisha pasi, akaketi sakafuni. Kila mtu mtaani alijua Bi Mwanamkuu ana mtoto vitani. Habari ya hesabu alikuwa hajaisikia.

Akili ya Bakili ilikuwa inakwenda mbio. Kuwahamisha samaki, sawa, lakini kuwahamishia wapi? Kila tone la maji ndani ya nyumba lilikuwa na dawa, na nyumba za jirani vivyo hivyo, Mzee Zahoro alikuwa amehakikisha. Bomba lilikuwa kavu tangu Jumanne, na mbingu, ambazo zilimwaga mvua wiki nzima, siku hiyo zilikuwa nyeupe kabisa. Dawa ilipaswa kutolewa kwenye maji, na chombo cha kuitoa alikuwa nacho, ila mkaa uliokuwa ndani ulikuwa umeshiba tangu wiki iliyopita. Kuchoma vifuu vipya mpaka vipoe kungechukua saa mbili, na Bwana Mkubwa hakuwa na hizo saa mbili.

Hapo ndipo macho yake yalipoangukia gunia lililokuwa pembeni ya meza ya pasi.

"Huu mkaa wako ni wa nini?"

"Vifuu," Evarista alisema. "Mkaa wa mti unarusha cheche, unachoma nguo."

Bakili alilibeba gunia begani bila kuomba. Evarista akamfuata na kinu na mchi. Alitwanga yeye, machozi yanamtoka bila sauti. Bakili akachekecha, akaosha punje mara tatu mpaka maji ya kuoshea yakaacha kuwa meusi, akazitia chupani. Akajaza debe kwa maji ya pipa la uani, nayo yaliyotiwa dawa. Kisha mtu yule yule, aliyewachosha watu barazani kwa mahubiri ya mwendo wa maji, akafungua koki mpaka mwisho. Punje zikaruka zote juu, zikasagana, na kibombani yakatoka maji kama wino.

Alifunga koki. Akasimama, akavuta pumzi mbili, nyuma yake samaki wanatweta. Aliniambia baadaye kwamba hakuna jambo gumu alilowahi kufanya kama kuifungua koki ile kidogo kidogo. Alimwaga maji meusi, akaanza upya. Mara hii punje zilitikisika tu, zikainuka kidogo, zikacheza mahali pake. Maji yalitoka kibombani membamba kama utambi wa kandili. Akayakinga kiganjani, akayanusa, akayaonja. Hayakuwa na harufu wala ladha, maji matupu.

"Yametoka," alisema, na Evarista akafanya ishara ya msalaba.

Beseni lilijaa polepole ajabu. Lilipofika nusu walianza kuwahamisha samaki kwa bakuli, mmoja mmoja. Bwana Mkubwa alihamishwa wa kwanza, lakini alipoachiwa alilala ubavu tena. Bakili akamchukua kiganjani, akamsogeza chini ya kibomba, akamwelekeza mdomo kwenye maji yanayoingia ili yapite mashavuni. Alikaa hivyo amechutama, magoti yanauma, jua likishuka mlangoni. Na katika kukaa hivyo akajisikia anasema, "Pumua, Shaibu. Pumua, bwana." Alisema mara nyingi, wala hakuona aibu. Evarista alisikia. Aliendelea kuteka maji na kujaza debe, kuteka na kujaza, maana sasa tangi zima lilipaswa kupitishwa kwenye mkaa.

Karibu na adhana ya magharibi samaki yule alitikisika kiganjani mwake. Akajinyoosha, akapiga mkia mara moja, akatoka kwenda zake, upande mmoja bado umelegea kidogo. Bakili alibaki na kiganja kitupu ndani ya maji. Akawahesabu kwa kidole, kama anavyofanya Bi Mwanamkuu. Tisa. Akarudia. Tisa. Alishusha pumzi ndefu mpaka Evarista akacheka katikati ya machozi yake.

Wakati huo huo Bi Mwanamkuu akaingia mlangoni. Akilini mwake Bakili alikuwa amekwisha kuandaa uongo mzuri: leo ni siku ya kuosha tangi. Lakini hakuwahi kufungua mdomo.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," Evarista alisema. "Samaki wako nimewatia dawa ya maji. Ni mimi, si kaka Bakili. Hawajafa."

"Marahaba," Bi Mwanamkuu alijibu. Aliliangalia beseni, akaiangalia sakafu iliyolowa, kinu, vumbi la mkaa usoni mwa Bakili. Hakuhesabu. Alivua buibui lake taratibu, akalikunja, akaketi kwenye mkeka kama mtu aliyefika mwisho wa safari.

Kisha akawaeleza alikotoka. Magomeni kulikuwa na kijana mmoja aliyerudishwa nyumbani na jeraha la mkono, wa kikosi kile kile. Mama wa kijana alikuwa amemtumia salamu tangu Jumatatu kwamba mwanawe ana habari za Shaibu. Siku tatu hizo alishindwa kwenda, kwa kuogopa ni habari gani, na hakumwambia mtu. Asubuhi ile alijikaza akatoka, na alitoka bila kusimama mbele ya tangi kuhesabu. Kijana alikuwa ameachana na Shaibu siku kumi na mbili nyuma. Alimwacha mzima wa afya, anakula maharage, na analalamika kwamba viatu alivyopewa vinambana.

"Viatu vinambana," Bi Mwanamkuu alirudia, akaanza kucheka, kicheko ambacho nyumba ile haikukisikia tangu mwaka uliopita. "Tangu mdogo huyo. Miguu kama makasia."

Bakili aliketi pale pale kwenye maji. Alitaka kusema alhamdulillahi, akajikuta analia mbele ya wanawake wawili, mtu mzima wa karakana. Alikuwa amebeba kitu kizito tangu siku ya ile ahadi na hakujua uzito wake mpaka kilipotuliwa. Bi Mwanamkuu alimwacha alie. Alimnyooshea Evarista mkono, akamketisha kando yake, akamfuta masizi ya mkaa kwa pembe ya kanga.

"Bakili mwanangu," alisema, "samaki hawa niliwatwika mzigo usio wao, na wewe nikakutwika. Kuanzia leo ni samaki tu."

Usiku ule walikula pamoja, wali na mchuzi wa bamia, na chai iliyonuka hospitali ambayo hakuna aliyeilalamikia. Kesho yake Mzee Zahoro aliletewa habari, akatoa amri mpya kwamba maji yenye samaki waulizwe kwanza wenyewe, na watu wakabishana wiki nzima kama alimaanisha wenye nyumba au samaki. Jumamosi Bakili aliumwaga ule mkaa wa Alhamisi, ambao nao ulikuwa umeshiba dawa, akatia mwingine kutoka gunia la Evarista. Aliifanya kazi hiyo huku akipiga mluzi.

Mwezi wa Juni, asubuhi moja, Bakili alimkuta Bwana Mkubwa anaelea tumbo juu. Hakuwa na jeraha wala maji hayakuwa na kasoro, uzee tu. Shaibu alikuwa bado huko huko, na wiki mbili zilikuwa zimepita bila barua. Moyo wa Bakili ulimruka kwa mazoea, akamwita Bi Mwanamkuu kwa sauti ya chini. Bibi alikuja, akainama, akaangalia.

"Maskini," alisema, "alikuwa mzuri." Halafu akamuuliza Bakili kama chai yake anaitaka na tangawizi au bila tangawizi, akaenda uani kuwasha moto.